Nusu Saa ya Asidi Nyepesi

Jumatatu, tarehe 6 Aprili 1987, siku yake ya kwanza katika maabara ya kiwanda cha maziwa, Mama Ndimu aliua bakteria wote wa chachu ya mtindi waliokuwa kwenye chupa. Kosa hilo bado limo kwenye daftari la kazi, kwa mwandiko wake mwenyewe: aliwatoa kwenye maziwa mabichi akawatia moja kwa moja kwenye asidi kali ya kupimia uvumilivu wao. Jina la Ndimu wenzake walimbandika siku hiyo hiyo, na halijabanduka.

"Binti, hata hukuwaaga?" mkuu wa maabara alimuuliza.

Kesho yake akapitiwa. Aliwaacha kwenye asidi nyepesi, akaenda kunywa chai, soga zikanoga. Nusu saa baadaye akawatia kwenye ile kali, huku akingoja kufokewa. Wakapona.

Mkuu, ambaye sasa ni marehemu, alimweleza taratibu. Asidi ikipanda polepole, bakteria hupata muda wa kupanga upya protini zao. Huongeza zile zinazosukuma asidi nje, na zile zinazonyoosha protini nyingine zilizoanza kujikunja vibaya. Tangu hapo nusu saa ya chai ikawa sheria ya maabara: vikombe viwili vya bati, dirisha linalotazama matanki, na redio ya mkuu iliyokuwa ikikoroma zaidi kuliko kuimba.

Wiki iliyopita, Mama Ndimu akiwa amebakiza siku nne kustaafu, friji ya maabara iliharibika. Kikanusurika kichupa kimoja cha chachu ile ya zamani. Meneja alisema wazi: jaribio moja la asidi, na bakteria wakifa, kiwanda kitanunua chachu ya unga ya pakiti.

Mtaalamu aliyeajiriwa kumrithi, mwanamke mwenye haraka zake, alikwishashika chupa ya asidi kali.

"Weka chini, mwanangu."

"Mama, meneja anasubiri!"

"Asubiri. Hata yeye tulimzoesha polepole."

Mrithi akaangua kicheko, akaiweka chini. Mama Ndimu akawatia bakteria kwenye asidi nyepesi, akachemsha maji. Wakakaa dirishani, kikombe cha marehemu kikiwa mkononi mwa mgeni. Redio haikuwepo. Nusu saa ilipotimia, wakawatia kwenye ile kali.

Siku mbili baadaye sahani ya majaribio ilijaa vidoa vyeupe vya bakteria hai. Meneja akainama, akavitazama kwa muda, akatia saini.

Jumatatu chachu hiyo inaingia kwenye tanki namba mbili. Mrithi ndiye atakayeimimina. Mama Ndimu atakuwa nyumbani.