Buni Mbivu Kwenye Magurudumu Matatu

Pale Izigo, ukiuliza nyumba ya Joackim Mwijage, fundi saa, watu watakuna kichwa kwanza. Ukiuliza kwa Mzee Dubwi, utasindikizwa mpaka mlangoni. Jina hilo linamuuma hadi leo, maana hajacheza dubwi hata siku moja maishani. Zile mashine za Kichina zinazopiga kelele kwenye baa za Bukoba na kumeza sarafu za vijana anazichukia kwa moyo wote, na husema hivyo hata kabla hajaulizwa. Alizonazo yeye sebuleni ni za kamari pia, hilo hakatai, lakini ni za kizamani, chuma na springi tupu, umeme haziujui. Unatumbukiza sarafu, unavuta mpini ulio ubavuni, magurudumu matatu yenye picha yanazunguka, kisha yanasimama moja baada ya jingine. Kwake yeye, kuziita hizo dubwi ni matusi. Majirani wanaziita dubwi.

Ufundi alijifunza kwa bruda mmoja wa misheni, mtu mkali aliyeweza kutambua kwa sikio tu kwamba saa ina vumbi. Baadaye akafungua kibanda mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, akatengeneza saa za ukutani na cherehani kwa miaka mingi, akasomesha watoto, Audax na wadogo zake, akajenga. Kisha simu zikaja. Kila mtu akawa anatembea na saa mfukoni, na zile za ukutani zikawa za plastiki, ikifa unatupa unanunua nyingine. Mwingine angefunga kibanda akarudi kwenye migomba yake. Joackim naye alifunga kibanda akarudi kwenye migomba yake, ila alirudi na mashine nne.

Ya kwanza aliipata Nyanga, kwa mjane wa mfanyabiashara wa kahawa aliyekuwa amemwita kutengeneza saa. Kumbe mama yule alikuwa na shida kubwa kuliko saa. Padre alikuwa anakuja kubariki nyumba, na pale kwenye kona, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, lilikuwa limekaa lichuma la kamari ambalo marehemu alilinunua kwenye klabu ya wazungu walipokuwa wakifungasha.

"Lichukue, waitu, ndugu yangu," mjane akamwambia, "na saa nayo chukua ukitaka."

Joackim aliiacha saa. Zilizofuata zilimjia kwa njia hiyohiyo, kutoka kwa watu waliokuwa wanaona haya kuwa nazo. Moja ilikuwa ikizuia mlango wa stoo usifungwe na upepo. Nyingine ilikuwa inawekewa mtungi wa maji juu yake. Yeye alizichukua zote kwa upole wa mtu anayepokea yatima, na alipokwenda kuungama akalitaja jambo hilo, kwa usalama. Padre akauliza kama mashine hizo zinakula pesa za watu. Joackim akajibu kwamba zinakula, lakini mara mojamoja zinarudisha. Padre akasema hizo ni afadhali kuliko baadhi ya waumini wake, akampa Salamu Maria tatu.

Mkewe, Vestina, hakuwa mwepesi kama Padre. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya, nyumba yake huingia watu wa sala, na sebule si kubwa. Kila mgeni aliyeletewa akamwani, zile punje za kahawa tunazomtafunisha mgeni kabla ya neno lolote, alikuwa anatafuna huku macho yake yametua kwenye mipini minne iliyosimama ukutani. Vestina alizishonea mashine vitambaa vya kudarizi, akazifunika, na hapo zikazidi kuonekana.

"Subiri," Joackim alikuwa akimwambia. "Siku moja atakuja mtu anayejua vitu hivi. Atasema mwenyewe ni kazi gani imefanyika humu ndani."

Hilo ndilo alilokuwa akilisubiri. Pesa hangezikataa, lakini alichokitaka hasa ni mtu mmoja mwenye kujua asimame mbele ya kazi yake na kusema kwamba fundi huyu ni fundi. Tangu bruda afariki, hakuna aliyewahi kumwambia.

Na kazi ilikuwa imefanyika kwelikweli. Alizifungua zote mpaka nati ya mwisho. Springi zilizovunjika alizitengeneza upya kwa waya, meno ya gia yaliyolika aliyajaza na kuyakata kwa tupa, kutu yote akaiondoa kwa msasa. Nje alizipaka rangi ya mafuta, buluu ya mbinguni na nyeupe, iliyobaki baada ya kupaka kigango, kwa hiyo zikawa na sura ya heshima. Kazi iliyompa shida ilikuwa picha za magurudumu. Karatasi zilikuwa zimefifia, nyingine zimeliwa na mende. Lakini palionekana tunda jekundu, mawili mawili kwenye kikonyo kimoja. Kwa mtu aliyezaliwa Izigo, tunda la aina hiyo ni moja tu duniani. Joackim akachora buni mbivu, akaziongezea na majani kwa sababu aliyechora mwanzo alikuwa ameyakosea. Kitu cha manjano akakifanya ndizi. Kengele akaiwekea msalaba. Palikuwa pia na kipande cheusi chenye herufi zilizofutika, ambacho kikijipanga mara tatu mashine inatapika kila kilichomo. Alikaa nacho wiki nzima akifikiri ni kitu gani cheusi kinachoweza kuwa na baraka kubwa kiasi hicho, mwisho akachora Biblia.

Ya tano hakuipata. Ilikuwa kwa jirani yake, Rugaibula, ng'ambo ya barabara, ndani ya banda la kuku. Babu yake Rugaibula aliitoa wapi hakuna anayejua. Ilikuwa imeoza kutu, mpini umekwama, na juu yake, pale palipobonyea, kuku mmoja alikuwa amejichagulia pa kutagia. Joackim alimwomba ampe aitengeneze bure. Akamwomba tena na tena. Rugaibula, mtu asiyependa kusumbuliwa wala kusumbua kitu, alijibu kila mara kwamba akimhamisha yule kuku ataacha kutaga.

Basi mwaka jana mtu anayejua akaja. Aliitwa Mastura, dada aliyetoka Mwanza, kazi yake kutafuta vitu vya kale vya kupamba mahoteli. Habari za mashine alizipata kwa watoto wa Izigo walioko huko. Siku hiyo Vestina alikuwa kwenye jumuiya. Joackim alivaa koti la kanisani, akatandaza nyasi mpya sebuleni kama siku ya sikukuu, akavua vitambaa vyote. Mgeni akaamkia, akatafuna akamwani bila kukunja uso, akavaa glavu, akawasha tochi. Aliangalia taratibu, mgongoni, chini, ndani. Joackim alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mtahiniwa. Kisha mgeni akafika kwenye magurudumu, akainama, akaanza kucheka. Alijizuia haraka, lakini alikuwa amekwisha kucheka.

"Mzee wangu, hizi ni nini?"

"Buni."

"Haya yalikuwa matunda ya cheri, mzee. Yanaota Ulaya. Na hii Biblia…" Akavua glavu. Akazungumza kwa heshima, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, maana maneno yake yote yalikuwa ya kweli. Mnunuzi wa vitu hivi, alisema, ananunua umri wake. Anataka rangi ya kwanza hata kama imebanduka, karatasi ya kwanza hata kama imeliwa, kutu ileile. "Umezifanya mpya, mzee. Mpya hazina bei. Laiti usingezigusa."

Joackim hakuelewa mtu anawezaje kulipia kutu. Kwa uchungu, na kwa kutaka mgeni aone zilivyokuwa taka kabla hajazishika, akamwambia, "Ukitaka isiyoguswa, nenda pale ng'ambo kwa Rugaibula. Angalia kwenye banda la kuku."

Mgeni akaenda akaangalia. Joackim, akiwa dirishani, alimwona akitoka bandani amejaa manyoya kichwani na anatabasamu. Bei aliyoitaja kwa Rugaibula ingetosha kuezeka nyumba upya, tena kwa bati za rangi. Ila gari lake lilikuwa dogo, kwa hiyo akaahidi kurudi Jumamosi ya wiki iliyofuata na gari kubwa.

Jioni Vestina aliporudi, Joackim alimwambia hawakuafikiana bei. Majirani nao akawaambia hivyohivyo, na kwa kuwa uongo ukishatoka mara ya kwanza hautaki nguvu tena, alifika mahali pa kusema kwamba ni yeye aliyemfukuza mgeni. Vestina alisema "Haya," akazirudishia mashine vitambaa vyake.

Ijumaa, jua likiwa bado juu, Rugaibula aliingia uani akisukuma toroli. Ndani ya toroli ilikuwa ile mashine ya tano, na kutu yake na mavi ya kuku juu.

"Mwijage, ndugu yangu," akasema, akihema, "wewe umeniomba hii siku nyingi, leo nimekuletea kwa mikono yangu. Mgeni anarudi kesho. Siwezi kumkabidhi mgeni kitu kichafu hivi, atasema Wahaya hatuna adabu. Nisafishie, piga msasa, ipake ile buluu yako. Akiikuta inang'aa si ataongeza?"

Jamani, mtu hujaribiwa hivyo? Mkono wa Joackim ulikwenda wenyewe kwenye mpini uliokwama. Alijua tayari tatizo liko wapi, alilisikia kwa vidole. Miaka yote hiyo alikuwa ameiota mashine hii ikizunguka, na sasa mwenyewe alikuwa anamsihi aitengeneze. Angeifanya vizuri tu, kwa uaminifu, kama zile nne, na kesho yake Mastura angetikisa kichwa na kuondoka, na Rugaibula naye angekuwa na mashine mpya isiyo na bei. Hakuna ambaye angemlaumu. Kumwokoa Rugaibula kulikuwa na njia moja, nayo ni kusema kwa mdomo wake mwenyewe jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe.

Akauondoa mkono kwenye mpini.

"Usiiguse," akasema mwishowe. "Hata maji usiimwagie. Hata hayo mavi yaache."

"Una maana gani?"

"Zangu hazikukwama kwa sababu ya bei. Alizikataa. Zote nne. Alisema nimeziharibu kwa kuzitengeneza."

Rugaibula akamtazama, kisha sura yake ikajikunja polepole. "Ahaa. Sasa nakuelewa. Zako hazijaenda, hutaki na yangu iende."

"Nakuambia kweli."

"Kweli gani hiyo? Mtu gani ananunua mavi ya kuku? Sema tu una kijicho, Mwijage. Rangi ninayo nyumbani, nitapaka mwenyewe."

Akashika toroli. Hapo Vestina akatokea jikoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

"Shemeji, weka hilo toroli chini," akasema. "Baba Audax anasema kweli. Yule dada nilikutana naye barabarani siku ileile, akanieleza yote." Hakumtazama mumewe. "Na mwanaume huyu mimi namfahamu. Akitaka kusema uongo anajisifia. Umewahi kumsikia akijiaibisha?"

Rugaibula alifikiri. Kwa kweli hakuwahi. Akageuza toroli, akaondoka nalo taratibu kuliko alivyokuja, akikwepa mashimo yasimwage hata unyoya. Joackim alibaki amesimama uani. Wiki nzima mkewe alikuwa ameyajua yote, na wiki nzima alikuwa amemsikiliza akiwasimulia watu jinsi alivyomfukuza mgeni. Alitamani ardhi ya kibanja chake mwenyewe impasukie.

"Kula ni baadaye kidogo," Vestina akasema, akarudi jikoni kwenye ndizi zake.

Mashine iliuzwa Jumamosi. Mastura aliivingirisha kwenye blanketi, na mavi yake, na akasema itakaa ndani ya kabati la kioo, hakuna atakayeruhusiwa kuvuta mpini. Jumapili iliyofuata Rugaibula aliita watu, akamwaga rubisi, akasimama kushukuru. Alimshukuru Mungu, alimshukuru babu yake, alimshukuru kuku. Halafu akamwonyesha Joackim kwa kidole, kwa upendo kabisa, tayari rubisi imempanda kichwani.

"Na ndugu yangu huyu ndiye aliyenizuia! Aliniambia, Rugaibula, usiiguse, mimi nilizigusa zangu nikaziharibu zote nne! Mtu mwingine angekubali kusema hivyo? Mpigieni makofi!"

Watu walipiga makofi, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mtu mmoja akauliza kama ni kweli kuhusu Biblia. Joackim naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, akanywa, akatazama chini. Mtu anayejua alikuwa amekuja, ametoa hukumu, na sasa Izigo nzima inaijua. Aliona hana sababu ya kukaa zaidi, akamwambia mkewe yeye anatangulia.

Vestina alichukua kikapu chake wakaondoka pamoja. Walivuka barabara, wakaingia njia ya kati ya migomba. Vestina alikuwa mbele, kikapu kichwani, na aliposema alisema bila kugeuka.

"Ile waliyoinunua imekufa. Haitazunguka tena, umemsikia yule dada mwenyewe. Za kwetu zinazunguka."

Akatembea hatua chache.

"Wewe ni fundi, Baba Audax. Wao wananunua kutu, waache wanunue."

Joackim akaongeza mwendo. Akamfikia, akampokea kikapu.