Hotipoti ya Mama Ilivyofika Deira

Nilikwenda Dubai kumwambia mdogo wangu kwamba mama amefariki. Majirani walijua nakwenda kununua vitambaa. Shabani mwenyewe, huyo mdogo wangu, nilimwambia hivyo hivyo, maana mimi ni fundi cherehani na uongo huo ulinikaa vizuri.

Mama tulimzika Tanga, wiki chache kabla ya Ramadhani. Shabani hakuambiwa. Aliyeamua ni kaka yetu mkubwa, tena tukiwa bado tumekaa mkekani. "Yule yuko peke yake kule, anaendesha foklifti ghalani. Apewe habari kwenye simu, halafu apande ile mashine? Hapana. Mwanaidi aende, amwambie uso kwa uso. Na asimwambie kabla hajala." Hilo la mwisho hakuna aliyelihoji. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba na tumbo tupu. Anaandaliwa, anakula, ananawa, ndipo anaambiwa. Muda wote niliokuwa nangoja viza, Ramadhani nzima hadi baada ya Idi, Shabani alipiga simu akimuulizia mama, na mimi nikajibu amelala, ametoka, sauti imemkauka. Nilijichukia, jamani.

Siku ya kuondoka, nilipofunga begi, nikaingiza hotipoti ya mama. Shabani ndiye aliyeituma kutoka Dubai, mwaka wake wa kwanza huko: chombo cha kuhifadhia chakula kisipoe, rangi ya maziwa, maua mekundu ubavuni, kifuniko cha kubana. Mama hakumwazima mtu. Harusi zilipita, matanga yalipita, majirani wakaja kuomba na kurudi mikono mitupu. "Hii ina mwenyewe," alisema. Kila jioni akipakua alianza na fungu la Shabani, akalitia humo na kufunika, utadhani kijana yuko kazini Pongwe na atarudi muda si mrefu. Asubuhi wakala watoto wa madrasa. Tulimcheka mpaka tukachoka. Basi siku ya kugawana vitu vya marehemu hakuna aliyethubutu kuigusa, nikasema nitampelekea mwenyewe.

Dar es Salaam, uwanja wa ndege, kijana wa ukaguzi alilifungua begi langu akacheka. "Mama, unapeleka hotipoti Dubai? Si ndiko zinakotoka?"

"Inarudi kwao," nikamwambia. "Funga begi langu."

Ndani ya ndege waliniletea sinia lenye kuku na mikate midogo. Nililitazama likapoa. Nikawa najiuliza, ikiwa mimi ninayeijua habari siwezi kumeza, huyo ninayempelekea nitamlisha vipi.

Deira, mtaa mkongwe wa Dubai, nilipokelewa na Bi Salma, mama wa Kiunguja aliyehamia huko tangu ujana wake, ambaye hupangisha chumba kwa wanawake wa nyumbani wanaokuja kununua bidhaa. Nyumbani kwake kulinukia udi na dagaa kwa pamoja. Nilimweleza yaliyonileta kabla sijavua hata baibui. Alinishika mikono.

"Mwambie vyema, mwanangu. Usimkatize tonge. Mwache ashibe, hapo tena. Halafu mlete kwangu, tumsomee mama yenu."

Alhamisi jioni Shabani alipiga simu. "Dada! Kesho nina ofu. Nikitoka Jumaa nakupitia, twende tukale hotipoti. Wallahi utafurahi!"

Kula hotipoti. Nilidhani wenzetu huko wanafanya kama sisi kwenye shughuli, kila mtu anakuja na hotipoti yake imejaa, mnafunua, mnakula pamoja. Nikamuuliza Bi Salma. Naye akafikiri, akasema labda ni pikniki ya vijana wa kazini, wanatandika mikeka bustanini. Basi wanawake wazima wawili tukakubaliana hivyo. Ijumaa asubuhi nikakuna nazi, nikapika wali, na kwa kuwa vyombo vya Bi Salma vyote vilikuwa vya udongo, nikautia kwenye ile ya mama. Wala sikuwaza mbali. Kwangu ilikuwa chombo tu, na nilikuwa na haraka.

Baada ya swala Shabani alifika, shati limenyooka kwa pasi, mashavu yameingia ndani. Alikuwa amepanda treni yao ile isiyo na dereva, baada ya safari ndefu ya basi kutoka Dubai Investments Park, kwenye maghala wanakofanya kazi na kulala. Alinikumbatia akaninyanyua, mimi na kilo zangu zote. "Mama hajambo?" Nikajifanya natafuta viatu. Akanipokea kapu, akauliza nimebeba nini. "Utaona," nikamwambia.

Tulitembea hadi mtaa wa pili, tukaingia mkahawa wa Wachina. Aliyetupokea alikuwa binti wa Kikenya aitwaye Njeri, amevaa aproni nyekundu. Aliposikia Kiswahili chetu akachangamka. "Karibuni, watu wa home! Rules ni tatu tu, mum. Kula mpaka ushindwe, na chenye umechukua, maliza. Chakula cha nje hakiruhusiwi."

Katikati ya meza kulikuwa na sufuria iliyozamishwa, imegawanywa kwa ukuta katikati, upande mmoja supu nyeupe, upande wa pili nyekundu ya pilipili, zote zinachemka mbele yetu. Ukutani kulikuwa na kabati refu la barafu lenye kila kitu kibichi: nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, kamba, ngisi, uyoga wa kila umbo, mboga, tambi. Unachukua, unarudi, unajipikia mezani.

"Hii ndiyo hotipoti, dada," Shabani akasema, kifua mbele.

Weee! Nilicheka mpaka watu wakageuka. "Kumbe! Na mimi nimekuja na yangu!" Nikaingiza mkono kapuni, nikaitoa, nikaibwaga mezani. Njeri akashika mbavu. Shabani naye akaanza kucheka. Kisha akayaona maua mekundu.

Aliigusa kwenye kifuniko, kwa kidole kimoja. "Amekuazima?"

Mama hakumwazima mtu. Alilijua hilo kuliko mimi. Nilipaswa kusema neno lolote, ndiyo, hapana, nimeiba, chochote. Nilichosema ni, "Kula kwanza."

Nilitamani kuuma ulimi. Tumelelewa nyumba moja. Hivyo ndivyo alivyoambiwa alipotoka shule siku aliyofariki baba. Kula kwanza, mwanangu. Shabani alinitazama, nikatazama supu. Akavuta kiti nyuma, akasema, "Sawa. Khalas. Tule," akaenda kabatini.

Akaanza kula. Alileta nyama, akaitumbukiza, akaila. Akaleta kamba. Akaleta ngisi, tambi, majani ambayo hata yeye hakuyajua jina. Alinifundisha vijiti, akanicheka, akanichanganyia ufuta na kitunguu saumu kwenye kibakuli. Akasimulia habari za msimamizi wake anayepiga kelele yalla, yalla, yaani haraka, kutwa nzima, na mwenzake wa chumbani anayeimba usingizini. Alizungumza bila kituo. Hotipoti ilikuwa karibu na kiwiko chake, na hakuitupia jicho tena. Sahani moja ikiisha tu, ameshasimama kwenda kuchukua nyingine.

Hapo nikaelewa. Nisingemwambia mpaka ashibe. Alijua mimi ni mtu wa kufuata mambo ya kwetu. Akiwa anakula, mama yuko Tanga, amelala, ametoka, sauti imemkauka. Kwetu chakula kina mwisho, sufuria inakwanguliwa na mtu analazimika kunawa. Pale kabati lilijazwa kila lilipopungua. Nilimwona mdogo wangu anatokwa jasho, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni. "Pilipili hii, dada," akasema, na nyama aliyokuwa anakula ilitoka upande wa supu nyeupe. Moyo uliniuma sijawahi kuumwa vile. Nilitaka kumshika mkono nimwambie basi, utajidhuru, na sikuweza, kwa sababu kumzuia kungekuwa ndiko kumwambia.

Njeri alipita na birika la kuongeza supu. "Kaka, pole pole. Hakuna mtu anakufukuza."

Shabani alijaribu kucheka. Tonge lilimkwama shavuni, akalitafuna na kulitafuna, halishuki. Mwishowe akalimeza kwa maji. Akaweka vijiti chini, akabonyeza kitufe cha jiko pembeni ya meza, na supu zote mbili zikatulia. Kisha akaivuta hotipoti, akaifungua.

Wali ulikuwa bado unafuka moshi kidogo. Alimimina maji ya chupa juu ya vidole vyake, akaanza kuula kwa mkono, taratibu, mtu ambaye dakika ile ile alishindwa kumeza. Njeri akageuka. "Mum, si nilisema cha nje..." Akauona uso wa Shabani. Hakumalizia. Alisogeza toroli la sahani likatukinga na kaunta ya meneja, akaenda zake. Mungu amjalie popote alipo.

Shabani alikula mpaka punje ya mwisho. Akafunika.

"Sasa nimekula," akasema. "Niambie."

"Mama amefariki, Shabani. Tumeshamzika."

"Inna lillahi." Akakishika kifuniko kwa mikono miwili. "Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Nikamwona anarudi nyuma kwa mawazo, simu moja baada ya nyingine. "Nilipopiga ukasema amelala."

"Ndiyo."

"Tena nikakutania, nikasema mwamshe huyo mvivu." Akainua uso. "Mlilia, dada? Wote?"

"Tulilia wote."

"Pamoja?"

"Pamoja."

"Na mimi nilikuwa nacheka na nyinyi kwenye simu." Basi akalia, kwa sauti, mwanaume mzima, katikati ya watu na kamba wao. Nilizunguka meza nikamkumbatia kichwa. Nikalia naye, na ndiyo ikawa mara yangu ya kwanza kulia bila kuangalia simu kwamba huenda ikaita.

Alipotulia aliuliza jambo moja tu. "Siku ile aliniwekea?"

"Alikuwekea. Alipakua chako kama kawaida, wali na mchicha wa nazi, akafunika, akasema anajinyoosha kidogo. Nilipokwenda kumwamsha ale, alikuwa ameshaondoka. Hotipoti nikaifungua baada ya kumfumba macho, sijui kwa nini. Chakula chako kilikuwa bado cha moto."

Jioni ile Bi Salma alikusanya majirani wachache, tukamsomea mama. Shabani alikaa kati yao, kichwa chini, ameshikwa mkono na mzee asiyemjua. Hakuweza kurudi nami. Mkataba wake ulikuwa haujaisha, na kwani angerudi kumzika nani? Siku ya kuondoka alinisindikiza uwanja wa ndege akaniuliza kama nimenunua hivyo vitambaa. Nilikuwa nimesahau kabisa. Hotipoti ilibaki kwake.

Tanga nilifika nikiwa na hasira, na wa kwanza kuipata alikuwa kaka mkubwa. Nilimwambia: tulidhani tunamhurumia mtoto, kumbe tulimnyima siku yake ya kulia. Mtu akiwa mbali ndiye wa kuambiwa mapema, alie nasi kwenye simu, tumsikie naye atusikie. Kama hajala, mwenzake atamkalisha ale. Kaka hakubisha. Aliinamisha uso, akasema na yeye hapati usingizi.

Jioni yangu ya kwanza nyumbani nilipika. Nilipofika kwenye kupakua, mkono ulitangulia kwa fungu la Shabani. Sikuwa na chombo cha kulitia, nikalifunika kwa sahani.

Jumamosi jioni akapiga simu. Hakumuulizia mama. Nilisikia mashine nyuma yake, kisha akasema, "Dada, umeniwekea?"

Nilikuwa nimesimama jikoni, sahani iko mbele yangu. Nikamwambia nimekuwekea, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, nikawa nimemjibu kweli kwenye simu.