Vidonge vya Kuteremkia

Kwetu Maguu mtu hateremki ziwani bila kumeza kwanza. Haumwi. Anameza vidonge vinne vya dawa mseto ya malaria, vilivyobaki kwa mgonjwa aliyepata nafuu siku ya pili akaona hakuna haja ya kumaliza. Kila nyumba ina vyake, na majirani wanaombana kama chumvi. Tunaviita vya kuteremkia. Huku mlimani kuna baridi na mbu ni wachache. Kule ziwani, Lituhi, wapo wengi, na malaria ya ziwani ikitupata sisi wa mlimani hutuangusha vibaya.

Nimebishana na desturi hiyo tangu nirudi kutoka chuo kikuu. Nimebishana pia na katekista, na bwana shamba, na redio. Mama hunisikiliza kama anavyosikiliza mvua juu ya bati.

Mwaka huu aliteremka Lituhi kumwangalia dada yangu aliyekuwa amejifungua. Alimeza vyake vinne, akaenda, akarudi na usipa, vile visamaki vya ziwani, wakavu, na homa. Siku ya tatu akaniita kwa jina la marehemu baba. Tulimkimbiza kituo cha afya, wakasema ni malaria kali. Sindano za artesunate zilimrudisha: kesho yake mchana aliomba uji, akauliza kama mbuzi wamefungwa. Akaruhusiwa, akapewa na vidonge vya mseto vya siku tatu amalizie nyumbani.

Baada ya wiki mbili homa ikarudi. Safari hii hakuweza hata kukaa mwenyewe, na kila alichokunywa alikitapika.

Nilimfikisha kituoni nimeshahukumu. Nilikuwa nimesoma kwamba huko kaskazini-magharibi mwa nchi vimelea vya malaria vimeanza kuizoea dawa. Kwa nini visifike huku?

"Shikamoo, daktari. Dawa zenu zimeshindwa. Huu ni usugu."

Daktari, mama mtu mzima mwenye sweta juu ya koti jeupe, hakuinua uso kutoka kwenye hadubini. "Marahaba. Umepima?"

"Nimesoma."

"Basi njoo tusome wote, msomi."

Nikainama. Vimelea vilikuwa kama pete ndogo ndani ya chembe za damu ya mama.

"Vipo," akasema. "Lakini havikuandikwa mgongoni kwa nini vipo. Vidonge vya nyumbani alivimaliza?"

"Alivimaliza."

"Ulimwona?"

Ninadai ushahidi kwa kila mtu, na mama yangu sikumwona akimeza hata kimoja. Tukaenda wodini kumuuliza.

"Vya siku ya kwanza nilimeza," mama akasema, sauti imekauka. "Vingine nimekuwekea."

"Mimi?"

"Si ulisema utakwenda kumwona mtoto wa dada yako? Uteremke hivihivi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka hadi akakohoa. "Mama, huyo, mbu gani atamweza? Atabishana naye mpaka achoke."

Daktari hakucheka. Alikuwa anadondosha damu ya mama kwenye karatasi maalumu ya kupelekwa mbali kuchunguzwa. Nikamuuliza: ni vidonge nusu, au ni usugu?

"Sijui. Huenda ni nusu. Huenda ni usugu. Na hizo nusu za huko kwenu ndizo zinazovifundisha vimelea usugu. Majibu yatachelewa, na mama yako hawezi kuyasubiri. Namchoma sindano tena. Akianza kula, vidonge ni vyote, pamoja na chakula chenye mafuta, na wewe ukimtazama."

Nilihamia kituoni. Alipoanza kula, kila dozi niliileta na uji wa karanga, nikasimama.

"Fungua mdomo, mama."

"Unanifanya mtoto."

"Inua ulimi."

Aliinua, macho yananichoma. Siku zile sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilizunguka uani nikiwaza ni nyumba ngapi mlimani zimewahi kuvifundisha vimelea hivi, na kama yetu ndiyo iliyofundisha zaidi. Mpaka leo ile karatasi haijajibiwa.

Dozi ya mwisho alimeza viwili, akafumba viganja juu ya viwili vilivyobaki.

"Vyote, mama."

"Ukiugua huko ziwani nitakupa nini?"

"Hutanipa kitu. Utanileta hapa."

"Nikiwa na nguvu."

"Ndiyo maana umeze."

Kisha akavitia mdomoni, akanywa maji, akajigeuzia ukutani kabla sijamwambia afungue mdomo.