Begi la Fundi Cherehani

Usiku ule fundi cherehani na wenzake walipokwama kwenye ukungu mlimani, jirani yake alikesha akisubiri habari kama aliyewazaa wote. Walirudi wakichechemea. Sasa fundi alikuwa anafunga tena begi la mgongoni, wakamalizie kipande cha njia walichokiacha, na jirani alikuwa amekuja kumsihi asiende.

Fundi hakubishana. Aliendelea kufumua. Alifumua lebo za fulana, mifuko ya suruali, hata pindo la taulo, maana ukipanda mlima, alisema, uzi nao una uzito. Mswaki alishaukata nusu. Akiudhika huimba puani, na siku hiyo aliimba tangu asubuhi.

"Mama, umri huo ukalale milimani?" mwanawe akafoka akiingia.

"Umri wangu naubeba mwenyewe. Sijakutwika."

Kijana akatoka, akaufunga mlango kwa nje. "Jirani, nichungie huyo!" Akaenda zake na funguo.

Barabarani wenzake fundi walikuwa wanapiga miluzi. Jirani akashusha pumzi. "Basi, mwenzangu. Mungu hakupenda."

"Usimsingizie Mungu. Funguo anazo mwanangu."

Akachukua bisibisi ya cherehani, akapanda kigoda, akaanza kulegeza bawaba, skrubu moja baada ya nyingine, bila haraka. "Njoo ushike, usije ukatuangukia."

Jirani, aliyekuja kuzuia safari, akajikuta ameukumbatia mlango kwa mikono miwili. Bawaba ya mwisho ikaachia, na mlango ukafunguka kwa upande usio na kitasa.