Uamuzi Nilioogopa Kuuchukua

Ghala langu la omena, dagaa wa ziwani, pale Muhuru Bay liliungua mchana kweupe. Bila fidia nisingeweza kulijenga tena, na kampuni ya bima ilikataa kulipa. Mkataba ulisema ugomvi wetu uamuliwe na mwamuzi binafsi, si korti. Alitusikiliza Homa Bay siku mbili. Mimi sina subira. Nilipomwona akitazama saa nami naeleza magunia yalivyoteketea, nikajua nimeshindwa.

Wiki chache baadaye akatutumia ujumbe kwa simu: uamuzi uko tayari, njooni mchukue. Niliusoma nimesimama, nikaufunga. Niliogopa, basi. Nikajidanganya kwamba barua usiyoipokea haijakwambia neno. Mbona mjumbe wa chifu tunamkwepa, na wito unangoja mpaka atupate? Nikafagia ua uliokwisha kufagiwa. Nikagombana na kuku. Kila simu ilipolia niliruka.

Mama mkwe, ninayeishi naye, alichoka kunitazama.

"Nyathina, mwanangu, hiyo karatasi utaiogopa mpaka lini? Enda uchukue."

"Nitaenda, Mama. Wiki hii niko na kazi."

Kazi gani, na ghala ni majivu?

Nilikwenda mwezi wa nne tangu ule ujumbe. Kweli nilikuwa nimeshindwa, lakini kwa sababu mwamuzi aliona moto ulitokana na nyaya za umeme, jambo ambalo mimi wala kampuni hatukuwa tumelitaja. Wakili wangu alisoma ukurasa ule mara mbili.

"Jaji hawezi kuusikiliza moto wako upya," akasema. "Lakini hapa mwamuzi ametoka nje ya kazi aliyopewa. Kwa hili, jaji anaweza kuufuta uamuzi." Kisha akauliza, "Ulijulishwa lini kwamba uko tayari?"

"Nimeuchukua jana."

"Sikuuliza hivyo, mama."

Sheria inatoa miezi mitatu ya kumwomba jaji aufute uamuzi. Huko kortini Migori, wakili wa kampuni alitoa nakala ya ule ujumbe, na alama mbili za buluu za kuonyesha nimeusoma. Jaji akasema siku zilianza kuhesabiwa pale nilipoambiwa uko tayari, kwa hiyo nimechelewa, akalitupa ombi langu. Nyaya hakuzigusa kabisa. Nilitaka kusimama nipige kelele, ila sikujua nimpigie nani.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anachambua mboga.

"Nani amekushinda, nyathina? Ni bima ama ni jaji?"

Nilikaa chini, nikavuta sinia la mboga upande wangu.

"Ni mimi, Mama."