Taa ya Gurudumu la Mbele

Siku yangu ya kwanza kubeba abiria, mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu alifungua mkanda akaanza kushuka. Hakunitukana. Alisema tu kwamba angengoja rubani.

"Mzee, rubani ni mimi."

"Najua, mama. Ndiyo maana nashuka."

Sisi ni watu wa Kisaju, wafugaji, na mimi ndiye mwanamke wa kwanza kwetu kupata leseni ya urubani. Baba hakunikataza. Lakini hakuwahi kukanyaga kiwanja cha ndege wala kuniuliza habari za kazi yangu. Nilikuwa nimezoea.

Mwaka mmoja mvua zilipokata barabara ya Mashuuru, muuguzi wa zahanati ya huko alinipigia simu. Alikuwa na mama mwenye uchungu, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Lazima apasuliwe. Niliruka mara moja nikatua kwenye kiwanja chao cha nyasi, na watu wakamleta yule mama kwa machela, muuguzi akipanda naye.

"Ni wewe unaendesha?" yule mama akaniuliza.

"Ni mimi."

"Afadhali. Mwanamke hatachelewa."

Ambulensi ilikuwa ikitusubiri kwenye kiwanja kidogo karibu na Kitengela. Nilipokaribia, nikashusha magurudumu. Taa mbili za kijani, za kuonyesha gurudumu limeshuka na kujifunga, zikawaka. Ya tatu, ya gurudumu la mbele, ikabaki giza. Nikapandisha magurudumu, nikashusha tena. Giza.

Kwa redio, fundi wa kiwanja aliniambia nipite chini ili alitazame. Nikapita.

"Naliona limeshuka," akasema. "Lakini kama limejifunga, siwezi kukuambia."

Kama halikujifunga, lingekunjika na pua ya ndege ingechimba ardhi. Nairobi kulikuwa na magari ya zimamoto, lakini kufika huko kungetuchukua muda zaidi. Nikamgeukia muuguzi nikamweleza yote, bila kuficha.

"Hatuna huo muda," akasema. Akamfunika yule mama kwa mwili wake.

Nilizunguka mara nyingine, nikamwomba Mungu kwa Kimaa, lugha yetu, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenitoroka. Magurudumu ya nyuma yakagusa. Nikaivuta pua juu, nikaishikilia hadi ndege ikapunguza mwendo na usukani ukalegea mikononi. Pua ikashuka yenyewe. Gurudumu likagusa, likatetemeka, likashika. Ndege ikasimama.

Yule mama akapiga kelele ya uchungu, na sote tukakumbuka kilichotuleta. Ambulensi ikaondoka naye mbio.

Fundi aliingia ndani ya ndege akaifungua ile taa ya tatu, akatoka na balbu ndogo kama punje ya mahindi. "Imeungua," akasema. "Gurudumu lako halina shida yoyote."

Nilicheka, nikaketi kwenye nyasi. Hapo nikamwona baba. Alikuwa sokoni Kitengela na mbuzi wake alipoona ndege ikizunguka, akapanda bodaboda akaja, shuka yote matope.

"Ulijuaje ni mimi?" nikamuuliza.

"Nilisikia watu wakisema ni yule msichana wa Kisaju." Akaitazama ile ndege. "Nilidhani nitakuja kukuokota, nakerai, mwanangu."

Nikainamisha kichwa. Akanitemea mate ya baraka utosini, kama anavyofanya mzee wa kwetu, na mkono wake ukabaki pale muda mrefu.

"Yeyo, mama yako, asiambiwe," akasema hatimaye.

Siku hizi nafundisha wasichana kuruka, na huwaambia kwamba hofu ni ya kawaida, mradi mikono iendelee na kazi. Siwaambii jinsi nilivyolia jioni ile, muuguzi aliponipigia simu. Ni msichana, alisema, na mama yake ameshakunywa uji. Nilimwomba arudie, nikamsikiliza tena kana kwamba sikuwa nimesikia.