Mbao Juu ya Kutu

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nionapo pikapu iliyopakwa rangi mpya. Juzi ulipokuja na hiyo yako ukaniomba nikuonyeshe namna ya kuitengeneza mwenyewe kwa gharama ndogo, uliniona nimenyamaza ukadhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa namkumbuka rafiki yangu Kazungu, na ami yake, mzee aliyeitwa Ngumbao. Wote wawili walipotea kwa sababu ya gari kama hilo lako, na mkono uliowapoteza ni huu wangu. Kaa kwanza. Nikimaliza kukusimulia, hizo kazi nitakuonyesha.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa kijana wa Mambrui, nimemaliza sekondari, kazi ya ofisi nimeingoja hata nimechoka kuingoja, nikaangukia pikapu kuukuu ambayo mwenyewe alikuwa ameshaitupa nyuma ya nyumba, kuku wakitagia ndani. Gereji sikuiweza. Nikajifunza kutengeneza mwenyewe, na mkono wangu wa pili akawa Kazungu. Yeye alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, rika langu, aliyeteremka pwani kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni. Mtu wa maneno huyo! Hakupita mahali asiwaache watu wanacheka.

Watu husema rahisi huvunja upishi. Sisi tulipika vya rahisi na vikaiva. Springi za nyuma zilikuwa zimelala. Tukatafuta majani ya springi kwenye lori bovu, tukayaongeza, mkia wa gari ukanyanyuka. Mabomba ya maji yaliyotupwa tukayasimamisha pembeni mwa bodi, tukayachomelea yakawa reli, juu yake tukatandaza turubai na kulifunga kwa mipira tuliyoikata kwenye tyubu za magurudumu. Vizuia tope tulivikata kwenye tairi kuukuu. Kiti kirefu cha mbele kilichokuwa kimetoboka nilikijaza usumba wa nazi, mama akakishonea kitambaa cha gunia, na nakuapia hadi leo sijakalia kiti cha gari kilichonistarehesha kama kile.

"Salimu," Kazungu aliniambia siku tuliyomaliza, "sasa posa haraka. Ila usishuke. Ukiwa ndani ya gari wapendeza, ukishuka wataghairi."

Tukaanza kubeba chumvi kutoka Marereni hadi Malindi mjini. Magunia yale hupakiwa yangali yanadondoka maji, na maji ya chumvi, mwanangu, yana meno. Haukupita muda nikaona rangi ya bodi inafura. Kwa akili yangu ya darasani nikasema, chumvi isipogusa bati, bati halitaliwa. Nikapata mbao za mwembe, nikazitandika sakafu nzima ya bodi na kuzikaza kwa bolti, zikakaa sawasawa kama sakafu ya dari. Miguu ya reli nayo nikaifunga kwa bolti zilizopenya mbao na bati kwa pamoja.

Mama yangu alitoka uani na kifuu cha chumvi mkononi, akaitazama kazi yangu.

"Wewe Salimu, mimi chumvi naiweka kwenye kifuu, siiweki kwenye kopo. Wajua kwa nini?"

"Kopo laliwa na kutu, mama."

"Haya. Na hilo kopo lako kubwa umelifunika mbao. Maji yakishapenya kwenye nyufa, yatatokea wapi?"

Nikacheka, nikamwambia gari si jiko. Akainua mabega akarudi kwenye chungu chake. Lile lilikuwa kosa, lakini la ujinga, na mjinga akierevuka husamehewa. Lililofuata halikuwa la ujinga.

Mwaka ule, masika yakikaribia, chumvi ilikuwa nyingi na kila mtu alitaka yake ihamishwe kabla mvua haijaiyeyusha. Siku moja Kazungu amekwenda kwao, nikasikia sakafu inalia. Nikafungua mbao. Chini yake bati lilikuwa jekundu, limevimba na kulainika mfano wa mkate uliolowa. Nikalidunga kwa bisibisi. Bisibisi ikaingia hadi mpini, wala sikusukuma. Reli ilikuwa imeshikwa na mbao tu. Bati lililotakiwa kuishika halikuwepo tena.

Nilijua la kufanya. Ilipasa kuikata sakafu yote na kuchomelea nyingine, na gari lilale hadi mvua ianze. Nikajiambia, masika yakiingia nitalitengeneza vizuri. Kwa hizi siku chache litastahimili. Nikafumua debe la mafuta ya kupikia, nikalinyoosha kwa nyundo, nikalibandika kwa lami juu ya matundu, nikarudisha mbao zangu. Kisha nikalipaka gari zima rangi ya kijani iliyobaki kwenye duka la jirani. Likang'aa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo chaweza kumpita mfichaji kikamchukua mwingine.

Asubuhi Kazungu aliporudi aliizunguka pikapu, mikono kiunoni.

"Mwenehu!" Ndivyo Wagiriama wamwitavyo ndugu. "Hii umeipaka au umeitoa mwari? Yataka kufunikwa buibui." Kisha akaishika reli, akaitikisa. "Mbona yacheza?"

"Bolti hizo. Nimeshazikaza. Panda twende."

Akapanda.

Alipenda kusimama nyuma juu ya magunia, turubai limefunguliwa, ameshika reli, anaimba nyimbo za kwao kwa sauti ya kuwaudhi watu. Karibu na Gongoni palikuwa na shimo barabarani nililolijua vizuri. Nikalikwepa ghafla kama nilivyozoea. Nikasikia mlio wa ubao unaong'oka, na wimbo ukakatika katikati ya neno.

Nilimkuta kando ya daraja dogo la mfereji. Reli yote ilikuwa chini karibu naye, miguu ya reli bado imeng'ang'ania vipande vya mbao ya mwembe. Kichwa chake kilikuwa kimegonga saruji. Nikamlaza kwenye kile kiti cha usumba, nikaendesha kuelekea hospitali Malindi, mkono mmoja umemshika, nikimwambia tumefika, tumefika. Hatukuwa tumefika popote. Hakuvuka mto Sabaki akiwa hai.

Tukamzika kwao Kaloleni. Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi ya kaburi lenyewe.

Ngumbao, ndugu wa baba yake, alikuwa mgema, mzee mwenye nywele nyeupe tupu, asiye na mke wala mtoto aliye hai. Yeye na Kazungu walikuwa wamerushiana maneno juu ya mnazi mmoja wa mpakani, na inasemekana mzee alimwambia kijana, "Utaona." Neno hilo hata mimi nimekwambia wewe ulipokuwa mdogo. Lakini kijana akifa ghafla, neno dogo huota mikia. Matangani watu walikuwa wakinong'ona mtsai, yaani mchawi, na alipopita mzee yule akina mama walivuta watoto wao karibu. Mimi mtu wa mjini, niliyesoma, mambo hayo niliyadharau. Sikujua kwamba siku ile yalikuwa yakiningoja mimi niseme.

Mzee Karisa, baba yake Kazungu, aliniita mbele ya wazee wenzake.

"Mwanangu Salimu, wewe ndiwe uliyekuwa naye. Lile gari lilikuwa zima?"

Ngumbao alikuwa amekaa kando, juu ya kinu kilichopinduliwa, akanitazama. Nilidhani ananichukia. Siku nyingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiniomba.

"Lilikuwa zima, baba," nikasema. "Tena tumelipaka rangi juzi tu."

"Basi," akasema mzee mmoja. Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Ikiwa gari ni zima, na njia imezoeleka, na kijana amezoea kusimama, kilichobaki ni mkono wa mtu. Na mtu alikuwa pale, amekalia kinu.

Matanga hayajaisha nyumba ya Ngumbao ikatiwa moto. Mungu alimnusuru, hakuwemo ndani. Alitoka Kaloleni na panga lake la ugema na nguo alizovaa, akatembea hadi Takaungu, akapewa pembe ya ua na watu asiowajua. Habari zilinifikia Mambrui. Nikanyamaza. Masika yote nilinyamaza. Gari lilikuwa limelala uani, mvua inalipiga, na ile rangi ya kijani ikaanza kubanduka yenyewe, vipande vipande, bila kuguswa na mtu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilijua hasa kilipo, ila sikuwa na moyo wa kuivua nguo.

Mvua zilipokatika nilikwenda Takaungu. Nilimkuta nyuma ya nyumba anasuka makuti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitambua. "Leo hukuja na gari lako zima?"

Nikakaa chini mchangani, nikamweleza yote. Bati, bisibisi, debe, lami. Hakuinua kichwa hadi alipomaliza kuti alilokuwa nalo mkononi. Akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha.

"Kazungu ulimwua bila kutaka," akasema. "Hilo ni lako na Mungu. Chuma huoza, na vijana mna haraka. Lakini mimi uliniona. Uliulizwa, ukajua, ukanitazama usoni, ukachagua kusema rangi."

"Nisamehe, mzee."

"Usiniambie mimi. Mimi nalijua sikulitenda. Nenda kawaambie wasiojua."

Nikaenda Kaloleni siku iyo hiyo. Mzee Karisa alinisikiliza akiwa amesimama. Nilitaraji anipige, na laiti angenipiga. Aliniuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukusema siku ile?" Akaingia ndani, akavaa shati, akatoka kwenda Takaungu kumrudisha ndugu yake.

Ngumbao hakurudi. "Nyumba mtanijengea," alimwambia nduguye, kama nilivyokuja kusimuliwa. "Na wale watoto wanikimbiao, mtawajengea macho mengine?" Alifia huko huko Takaungu, akazikwa na watu wema wasio wake, mbali na makaburi ya babaze. Mzee Karisa, kila tulipokutana sokoni Malindi, aliitikia salamu yangu kwa adabu na kupita. Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa mapema, nimezeeka naye nyumba moja.

Sasa tuje kwenye pikapu yako. Sikukatazi kuitengeneza kwa mikono yako wala kwa vitu vya bei nafuu. Umaskini si aibu, na tairi kuukuu lina kazi mia. Mbao weka, lakini usizigandamize kwenye bati. Zilaze juu ya vipande vya mpira upepo upite chini, toboa sakafu maji yapate njia, na kila ukishusha mzigo wa chumvi au samaki ziinue uoshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Chini ya gari paka oili chafu. Reli usiifunge kwenye bati, ifunge kwenye chesisi, maana bati ni nguo na chesisi ndiyo mifupa. Ukiongeza springi, kumbuka kwamba hukuongeza breki. Gari litabeba zaidi lakini halitasimama upesi zaidi. Wengi wamesahau hilo na hawapo.

Hayo ni ya gari, na fundi yeyote angekwambia. La kwangu mimi ni hili. Siku utakapoinua ubao ukaona kutu, mwite yule atakayesimama juu yake, umwonyeshe kwa kidole, kabla hujatafuta rangi. Akikuuliza mbona inacheza, usimwambie apande. Na ukiisha kukosea, kwa kuwa utakosea, usiseme mbele ya watu kwamba kitu kilikuwa kizima na wewe umeona tundu. Uwongo haukai kwa mwenyewe, mwanangu. Huondoka ukatafute mtu wa kumlalia, na humchagua yule asiye na wa kumsemea: mzee, mjane, mgeni. Kweli inauma siku moja. Mimi niliikwepa siku hiyo moja, na hizi nywele unazoziona nyeupe zimeota zote juu ya maumivu yake.

Haya, nyanyuka, lete bisibisi tuanze. Mungu aitie baraka mikono yako, akuzidishie riziki ya halali. Kila apandaye nyuma yako amshushe kwa miguu yake mwenyewe, kwa watu wake. Na siku utakapoulizwa, wote wamenyamaza wanakungoja, akupe ulimi wa kusema ulichokiona. Amin.